Ukumbi wa Jirani Yetu Mlimani

Mtu akitaja neno "mhadhara" katika mitaa yetu, wengi wetu tunaona picha ileile: uwanja wa shule wakati wa jioni, spika mbili juu ya meza, vitabu vitakatifu viwili vimefunguliwa, na msemaji mmoja anamvizia mwenzake ateleze. Watu hushangilia, wengine huzomea, na usiku kila mmoja hurudi nyumbani na imani ileile aliyokuja nayo, ila sasa anamchukia jirani yake kidogo zaidi ya jana. Ndiyo maana wazee wa kanisa wengi, wakisikia kwamba vijana wanataka kuandaa mhadhara usharikani, hujibu hapana kabla hawajauliza ni wa nini.

Katika kurasa hizi tunataka kupima mihadhara ya namna nyingine, pamoja na muziki, michezo ya kuigiza na maonyesho ya sanaa yanayofuatana nayo. Inafanyika mbali na kwetu, tena katika nyumba isiyo yetu: Chuo cha Holy Cross, yaani Msalaba Mtakatifu, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni chuo cha mapadre wa Shirika la Yesu, tunaowaita Wajesuiti. Kilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Benedict Joseph Fenwick wa Boston, aliyekuwa Mjesuiti mwenyewe. Kiko kilimani, na mji uko chini yake. Wanafunzi wake ni kama 3,000, na wote wanasomea shahada ya kwanza. Kijana hafiki pale kujifunza kazi moja tu. Anasoma falsafa, lugha, historia, hesabu, sayansi na sanaa kwa pamoja, kwa kuamini kwamba mtu anapaswa kufundishwa kuwa mtu kabla ya kufundishwa kuwa mhasibu.

Tangu mwaka 2001 chuo hicho kina kituo cha dini, maadili na utamaduni, ambacho leo kina jina la Padre Michael McFarland, aliyewahi kuwa mkuu wa chuo. Kituo hualika wasemaji kutoka makanisa, vyuo na dini mbalimbali. Mlango uko wazi kwa wanachuo na kwa watu wa mjini. Rekodi za mihadhara huwekwa kwenye intaneti, na huko ndiko sisi tulikoisikiliza. Hatujakaa katika viti vyao. Tunaandika kama watu waliosimama dirishani mwa jirani, na msomaji atusome hivyo.

Kwa nini washarika wa Kilutheri wapoteze muda kwa shughuli za Wajesuiti? Kwa sababu swali lao ni swali letu: Kanisa likiwa na ukumbi, ukumbi huo ni wa nini? Kipimo tutakachotumia tunakipata katika 2 Samweli 12. Nabii Nathani alimwendea Daudi baada ya jambo la Bathsheba. Hakuanza na mahubiri. Alimsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Mfalme alisikiliza vizuri mno, akakasirika, akatoa hukumu; ndipo akaonyeshwa kwamba tajiri yule ni yeye. Hadithi nzuri, wimbo mzuri na mhadhara mzuri huweza kufanya kazi ya Nathani. Kwa hiyo tunauliza: je, katika ukumbi huu Nathani anaruhusiwa kuingia? Na akiisha kusema, kinafuata nini?

Tuanze na jambo la kufurahisha. Katika kanisa la chuo, lililowekwa chini ya jina la Mtakatifu Yosefu, kuna kinanda kikubwa cha mabomba kilichojengwa na mafundi wa Taylor & Boody mwaka 1985. Mafundi hao walifuata mtindo wa zamani wa Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini. Maana yake ni kwamba Wajesuiti walijenga katika nyumba yao sauti iliyokuzwa katika makanisa ya Matengenezo, sauti ya akina Dietrich Buxtehude, mpiga kinanda wa Kanisa la Maria mjini Lübeck tangu mwaka 1668. Watu wa mashirika hayo mawili waliwahi kuitana wazushi. Leo Mkatoliki wa Worcester anakuja kusikiliza tamasha la kinanda na kukutana na tenzi zetu.

Jina la Lübeck linatukumbusha jambo tulilolisahau. Huko Buxtehude aliendesha jioni za muziki kanisani katika Jumapili tano za kila mwaka, kuelekea Krismasi. Wafanyabiashara wa mji waligharamia, na watu waliingia bila kulipa. Mwaka 1705 kijana Johann Sebastian Bach aliomba ruhusa ya wiki nne kazini kwake Arnstadt, akasafiri zaidi ya kilomita 400, kwa miguu kama inavyosimuliwa, ili amsikie mzee huyo. Alirudi baada ya miezi kama minne, na viongozi wa kanisa lake wakamwita ajieleze. Wazee wa kanisa wanaosoma hapa watawahurumia viongozi hao, nasi tunawahurumia. Lakini tukumbuke kwamba kufungua kanisa jioni, nje ya ibada, ili mtu yeyote wa mji aje asikilize, ni urithi wa Walutheri pia.

Urithi wa Wajesuiti wenyewe ni mchezo wa kuigiza. Mwaka 2022 Holy Cross ilifungua jengo jipya la sanaa, Prior Performing Arts Center, lenye ukumbi wa muziki, ukumbi wa maigizo na jumba la maonyesho ya sanaa pamoja. Anayeshangaa kwamba mapadre wanajenga jumba la maigizo hajui historia yao. Katika karne za 16 na 17 vyuo vya Wajesuiti barani Ulaya vilicheza michezo mbele ya wazazi, wafanyabiashara na wakuu wa miji. Mwongozo wao wa elimu wa mwaka 1599 uliruhusu jambo hilo kwa masharti: michezo iwe michache, iwe ya Kilatini, iwe na adabu.

Mmoja wa michezo hiyo ni Cenodoxus, ulioandikwa na Jakob Bidermann na kuchezwa kwanza mwaka 1602 mjini Augsburg. Ndiyo, Augsburg ileile ambako baba zetu walisoma Ungamo lao mbele ya Kaisari mwaka 1530. Mchezo unamhusu daktari wa Paris, msomi anayesifiwa na wote. Anatoa sadaka watu wakiona, anavumilia watu wakiona, hata kufa anakufa kwa namna ya kusifiwa. Ndani yake hakuna kitu isipokuwa kujipenda. Wakati wa mazishi maiti yake inainuka mara tatu mbele ya waombolezaji: mara ya kwanza inatangaza kwamba ameshtakiwa, mara ya pili kwamba amehukumiwa, mara ya tatu kwamba amelaaniwa. Ulipochezwa München mwaka 1609, inasimuliwa kwamba watu walianza kwa kucheka wakamaliza kwa kutetemeka, na kwamba wakuu kumi na wanne wa pale walikwenda moja kwa moja kufanya mafungo ya kiroho.

Hebu tuone ujasiri wa jambo hilo. Chuo cha wasomi kinawaita wasomi na wafadhili, kinawakalisha viti vya mbele, halafu kinawaonyesha msomi na mfadhili anayekwenda jehanamu kwa ajili ya sifa zake. Huyo ni Nathani kabisa. Tena fundisho lake halikuwa mbali na la Luther, aliyesema kwamba matendo mema ya mtu yanaweza kuwa maficho yake ya mwisho dhidi ya Mungu.

Hata hivyo, Mlutheri akiutazama mchezo huo anabaki na njaa. Sheria imefanya kazi yake yote. Injili iko wapi? Cenodoxus anaposhtakiwa, hakuna neno la msamaha linalomfikia kwa nguvu sawa na mashtaka. Na Bruno, rafiki anayeshuhudia maiti ikisema, anajibu kwa kuuacha mji na kwenda nyikani kuanzisha maisha ya kitawa. Hatumdharau. Lakini sisi tumefundishwa kwamba mtu aliyeshtushwa na Mungu hurudi kwa mkewe, kwa wanafunzi wake, kwa mdaiwa wake, na kumtumikia jirani mahali pale alipoitwa. Hofu inaweza kumtoa mtu kwenye kiti. Kumrudisha kwa jirani yake ni kazi ya Injili. Udhaifu huu tuuweke akilini, kwa sababu tutaukuta tena katika mihadhara ya leo.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Mkuu wa kwanza wa Holy Cross alikuwa Padre Thomas Mulledy. Mwaka 1838, akiwa kiongozi wa Wajesuiti wa Maryland, alisimamia uuzaji wa watumwa waliokuwa mali ya shirika lake: wanaume, wanawake na watoto 272, walioandikiwa kupelekwa Louisiana. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo cha Georgetown. Miaka mitano baadaye mtu huyohuyo alikuwa anaongoza chuo chenye jina la Msalaba Mtakatifu.

Na tazama ni akina nani walioingia chuoni hapo mwaka 1844: ndugu wa ukoo wa Healy, watoto wa mkulima Mwairishi wa Georgia na Eliza, mwanamke mtumwa. Sheria ya Georgia ilifuata tumbo la mama, hivyo kwao nyumbani watoto hao walihesabiwa watumwa. Mkubwa wao, James, alikuwa wa kwanza katika kundi la kwanza la wahitimu, mwaka 1849, na mwaka 1875 akawa Askofu wa Portland. Mdogo wake Patrick akawa Mjesuiti na mkuu wa Georgetown, chuo kilichookolewa kwa fedha za watu waliouzwa. Padre mmoja aliuza watoto wa watumwa, kisha akawapokea watoto wa mtumwa na kuwafundisha. Hakuna mwandishi wa maigizo ambaye angethubutu kubuni jambo hilo.

Kwa miaka mingi bweni moja chuoni liliitwa kwa jina la Mulledy. Wanafunzi walilala humo bila kuambiwa habari yake yote. Jambo lilipoanza kusemwa wazi, chuo kiliunda kamati, na mwaka 2016 kikaamua kuliunganisha jina hilo na la Padre John Brooks, ambaye mwaka 1968 alikwenda mwenyewe kuwatafuta vijana weusi na kuwaleta chuoni. Baadaye jina la Mulledy likaondolewa, likabaki la Brooks. Sisi tunaona kwamba uamuzi wa kwanza ulikuwa dhaifu. Kuweka jina la aliyeuza pamoja na jina la aliyefungua mlango, kana kwamba mmoja amelipa deni la mwenzake, ni hesabu isiyokubalika mbele ya Mungu. Lakini tunasifu jambo moja: mjadala haukufichwa katika ofisi. Jamii ya chuo ililizungumza jina hilo waziwazi mpaka likawa zito kulibeba. Huko Nathani aliingia, na hakutolewa nje.

Jambo la pili linatugusa sisi kuliko wao. Familia za Kraft na Hiatt, ambazo ni za Kiyahudi, zilitoa fedha ili dini ya Kiyahudi ifundishwe Holy Cross, na Ukristo ufundishwe katika Chuo Kikuu cha Brandeis, ambacho kilianzishwa na Wayahudi. Kwa mpango huo mtu wa Worcester huweza kumsikia mwalimu Myahudi akieleza Torati yake mwenyewe, asiielezwe na Mkristo kwa niaba yake. Hakuna anayemvizia mwenzake ateleze. Mlutheri akisikiliza mambo hayo hawezi kukaa kwa raha. Luther wetu aliandika vizuri juu ya Wayahudi mwaka 1523. Lakini mwaka 1543 aliandika kitabu cha kutisha, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Karne nne baadaye watu waovu walikinukuu kitabu hicho. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko mwaka 1994 la kuyakataa maneno hayo na kuyaomboleza. Ni washarika wangapi wa kwetu wamewahi kusikia habari hii kutoka kwa mchungaji wao? Sisi wenyewe tuliijua chuoni, tukaiacha chuoni, na kila Oktoba tumehubiri Matengenezo bila kuitaja. Imetubidi kukumbushwa na ukumbi wa Wajesuiti.

Baada ya sifa hizo, tuseme na kasoro. Mtume Paulo alipofika Athene, Luka anatueleza katika Matendo 17 kwamba watu wa huko walipenda kupitisha siku zao wakisimulia na kusikiliza mambo mapya. Walimpa Paulo jukwaa kwa adabu. Wengine walidhihaki, wengine walisema watamsikiliza siku nyingine, na wachache tu ndio waliomfuata. Hatari ya ukumbi wa chuo si kwamba utamfukuza Nathani. Hatari ni kwamba utampigia makofi. Mhadhara unakwisha, maswali machache yanaulizwa, msemaji anashukuriwa, na taa zinazimwa. Msikilizaji anatoka akiwa amehuzunika kwa namna inayompendeza, kisha anaihesabu huzuni hiyo kuwa ndiyo toba. Daudi hakumshukuru Nathani kwa mhadhara wenye kufikirisha. Alikiri.

Hapa ndipo udhaifu wa Cenodoxus unaporudi. Mhadhara huweza kushtaki, lakini hauwezi kuungamisha wala kutangaza msamaha, na si kazi yake kupanga malipo. Kazi hizo zinahitaji watu waliofungamana: usharika, baraza, wadai na wadaiwa wanaojuana majina. Wajesuiti wenyewe wameonyesha kwamba wanalijua hilo. Mwezi Machi 2021 shirika lao Marekani, pamoja na wazao wa watu waliouzwa mwaka 1838, lilitangaza mfuko wa ukweli na upatanisho, likaahidi kukusanya dola milioni 100. Mtu anaweza kubisha kama kiasi hicho kinatosha. Lakini neno lilitoka ukumbini likaingia mfukoni, na kabla ya hapo wazao wale walikuwa wameketi mezani wakisema wenyewe.

Kasoro nyingine ni kilima. Ukumbi ambao hauzuii mtu mlangoni bado huweza kuwa mbali na mtu anayetoka kazini usiku, asiyejua maneno ya wasomi, anayedhani kwamba mahali pale si pake. Tukisikiliza rekodi tunasikia maswali mengi yanayoulizwa kwa lugha ya darasani. Hilo si kosa la Worcester peke yake. Nasi tuliopita vyuo vya theolojia tunajua jinsi ya kusema maneno ambayo bibi aliyekaa kwenye benchi la nyuma hawezi kuyapinga, kwa sababu hajayaelewa.

Basi turudi nyumbani. Karibu kila usharika wetu una ukumbi, au unachangisha ili uwe nao. Tunautumia kwa harusi, kwa semina yenye mgeni rasmi, kwa harambee ya kumalizia ukumbi wenyewe. Hayo yote ni mema. Lakini Paulo aliwahi kutumia darasa la Tirano kule Efeso miaka miwili, akijadiliana na watu kila siku, Wayahudi na Wayunani. Ni lini ukumbi wetu ulifanya kazi hiyo?

Hatuhitaji jengo la mamilioni wala kinanda cha mabomba. Vijana wetu wanajua kuigiza. Kila Krismasi tunawapa mashuka wawe wachungaji wa kondoo. Na wana igizo jingine, ambalo hawajaruhusiwa kulicheza. Ni habari ya binti anayepata ujauzito, anawekwa chini ya marudi, anasimamishwa mbele ya usharika kukiri, na wakati huohuo kijana aliyempa ujauzito anaimba besi katika kwaya, na watu wazima kadhaa wanajua. Habari hii haihitaji kubuniwa. Tumeiona, na wengi wetu tunaovaa kanzu tuliongoza ibada siku hiyo. Jioni moja ya Kwaresima ingetosha. Mlango uwe wazi, viti viwe vilevile kwa wote, vijana waigize, na mama mmoja aliyepitia hayo aseme kwa maneno yake mwenyewe, ikiwa anapenda.

Lakini tukikubali jambo hilo, tusiliishie pale walipoishia wasikilizaji wa Athene. Kesho yake baraza la wazee likutane. Kama tulimkosea mtu, aombwe msamaha mahali palepale alipoaibishwa, na Jumapili inayofuata Injili itangazwe kwake na kwetu mezani pa Bwana. Hapo tutakuwa tumefanya jambo ambalo ukumbi wa chuo hauwezi, na ambalo usharika umepewa.

Na sisi wachungaji na wazee, siku hiyo tukae viti vya mbele, simu zimezimwa, na tusiondoke kabla ya mwisho.